Maandishi Badilifu ya Matokeo ya Takwimu katika Grafu: Upatanisho, Umbo la Kitenzi na Ushahidi kutoka Kagera

Ikisiri

Watafiti wengi siku hizi huiachia kompyuta kazi ya kuandika, juu ya grafu yenyewe, matokeo ya jaribio la kitakwimu lililofanyiwa data za grafu hiyo. Maandishi hayo hubadilika kila data zinapobadilika. Makala haya yanachunguza kinachotokea pale maandishi ya namna hiyo yanapoundwa kwa Kiswahili. Kwa kutumia takwimu zilizochapishwa za jaribio la vyandarua lililofanyika wilayani Muleba, pamoja na za utafiti wa kaya wa Mkoa wa Kagera, inaelezwa kwamba sentensi ya aina hii ina tabaka tatu: tarakimu, upatanisho wa kisarufi, na hukumu inayobebwa na umbo la kitenzi. Inahitimishwa kwamba programu inaweza kukabidhiwa tabaka mbili za kwanza, lakini tabaka la tatu ni dai la kisayansi ambalo mtafiti hana budi kulichagua mwenyewe kwa kuzingatia mpango wa utafiti wake.

1.0 Utangulizi

Grafu isiyo na maelezo humwachia msomaji kazi ya kukisia. Akiona nguzo mbili, moja ndefu na nyingine fupi, hajui kama tofauti hiyo ingeonekana tena iwapo utafiti ungerudiwa, au ni ya bahati tu. Ndiyo maana imekuwa desturi kuandika juu ya grafu jina la jaribio lililotumika, makadirio ya tofauti, mipaka ya uhakika na thamani-p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au yaliyo makali zaidi endapo kwa hakika hakuna tofauti yoyote.

Kwa muda mrefu maandishi hayo yalichapwa kwa mkono baada ya grafu kukamilika. Utaratibu huo una hatari iliyo wazi. Mtafiti akigundua kwamba hojaji tatu ziliingizwa mara mbili, akaziondoa na kuchora grafu upya, nguzo zitasogea lakini maandishi yatabaki yalivyokuwa. Grafu itasema jambo moja na maandishi jingine, na msomaji hatakuwa na njia ya kutambua. Maandishi badilifu yalikusudiwa kuondoa hatari hiyo: thamani huhesabiwa kutoka data zilezile zinazochorwa, kisha huingizwa katika kiolezo cha sentensi.

Hata hivyo, violezo vingi vimebuniwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo nomino yake haitawali kitenzi kwa kiasi kinachoonekana katika lugha za Kibantu. Vinapohamishiwa Kiswahili huzuka matatizo ambayo mwanzoni huonekana kuwa ya kisarufi tu. Makala haya yanadai kwamba baadhi yake si ya kisarufi tu, bali yanagusa ukweli wa kile kinachosemwa. Jambo hili lina uzito kwa sababu grafu haziishii katika tasnifu. Matokeo ya utafiti wa afya hurudishwa katika zahanati na ofisi za kata, na msomaji wa Kiswahili katika kata kama Kishanda, wilayani Muleba, ana haki ya kupata sentensi inayosema kile data zinachosema, bila kuongeza wala kupunguza.

2.0 Jinsi maandishi badilifu yanavyoundwa

Katika programu ya R, ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitolewa mwaka 2000, kazi hii hufanyika kwa hatua nne. Kwanza, jaribio hufanywa na matokeo yake yote huhifadhiwa chini ya jina moja. Pili, thamani zinazohitajika huchukuliwa kutoka katika hifadhi hiyo. Hakuna inayochapwa upya kwa mkono. Tatu, thamani hizo hupewa umbo la kuchapishwa: idadi ya desimali, alama ya asilimia, na namna ya kuonyesha thamani ndogo mno. Nne, maandishi yaliyokamilika huwekwa kwenye grafu mahali panapotokana na data zenyewe, mathalani juu kidogo ya nguzo ndefu kuliko zote, ili yasifunikwe data zikibadilika.

Hatua ya tatu huhitaji uangalifu. Kompyuta ikiagizwa kuonyesha desimali tatu, thamani-p ya 0.00004 itachapishwa kama 0.000, nayo si kweli, kwa kuwa uwezekano huo si sifuri. Kiolezo sharti kiwe na kanuni kwamba thamani iliyo chini ya kikomo fulani iandikwe kwa alama ya udogo, mathalani p < 0.0001.

Hatua ya nne nayo ina mtego wake. Mara nyingi grafu moja hugawanywa katika vidirisha, kila kimoja kikionyesha kipindi au eneo lake. Mtumiaji wa ggplot2 akiweka maandishi kwa amri ya maelezo ya jumla, sentensi ileile itajirudia katika kila kidirisha, hata kama data za vidirisha hivyo ni tofauti. Njia sahihi ni kuandaa jedwali dogo la maandishi lenye safu moja kwa kila kidirisha, likiwa na jina la kidirisha na matokeo ya jaribio lake, kisha kulichora jedwali hilo kama data nyingine yoyote.

Vipo pia vifurushi vya nyongeza, kama ggpubr na ggstatsplot, ambavyo hufanya hatua zote nne kwa amri moja. Urahisi huo una gharama. Amri ya kulinganisha wastani katika ggpubr, isipopewa maelekezo mengine, huchagua yenyewe jaribio la Wilcoxon kwa makundi mawili na la Kruskal-Wallis kwa makundi zaidi ya mawili. Chaguo hilo halitokani na swali la mtafiti wala na namna data zilivyokusanywa. Sehemu inayofuata inaonyesha ukubwa wa hitilafu inayoweza kuzaliwa hapo.

3.0 Tabaka la tarakimu

3.1 Jaribio la Muleba

Mwaka 2018 yalichapishwa katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio lililofanyika Muleba kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania na wa nje, likiongozwa na Natacha Protopopoff. Makundi 48 ya makazi yaligawanywa kwa nasibu katika mafungu manne, kila fungu likiwa na makundi 12. Baadhi yalipata vyandarua vya kawaida vyenye dawa ya muda mrefu. Mengine yalipata vyandarua vilivyoongezewa piperonili butoksaidi (PBO), kemikali inayovunja kinga ya mbu dhidi ya dawa. Nusu ya makundi ya kila aina ya chandarua ilipata pia upuliziaji wa dawa-ukoko majumbani. Waliopimwa vimelea vya malaria walikuwa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 14.

Baada ya miezi 9, watoto 531 kati ya 1,852 (asilimia 29) katika makundi ya PBO walikutwa na vimelea, wakati katika makundi ya vyandarua vya kawaida walikuwa 767 kati ya 1,809 (asilimia 42). Uwiano wa odi uliochapishwa ni 0.37, mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ikiwa 0.21 na 0.65, na p = 0.0011. Odi hapa ni idadi ya walioambukizwa ikigawanywa kwa idadi ya wasioambukizwa. Uwiano wa odi ni odi ya kundi moja ikigawanywa kwa ile ya kundi la pili.

3.2 Mtoto au kundi?

Chukuliwe kwamba mwanafunzi anachora nguzo mbili, ya asilimia 29 na ya asilimia 42, kisha anaiagiza programu iandike matokeo ya jaribio la kai mraba kutoka katika hesabu hizo nne. Programu itatii. Kai mraba itakuwa takriban 75.4 kwa digrii 1 ya uhuru, na p itakuwa chini ya 0.0001 kwa mbali sana. Uwiano wa odi utakuwa 0.55, na mipaka yake ya uhakika 0.48 na 0.63.

Maandishi hayo yatakuwa badilifu, yatalingana kikamilifu na nguzo zilizochorwa, na hayatakuwa na kosa la hesabu. Lakini hayatakuwa matokeo ya jaribio la Muleba. Hesabu hiyo inamchukulia kila mtoto kuwa shahidi anayejitegemea. Haijui kwamba watoto hao walitoka katika makundi 48, na kwamba watoto wa mahali pamoja huumwa na mbu walewale. Wala haijui kwamba nusu ya makundi ilipuliziwa dawa. Uchanganuzi ulioheshimu mpango wa jaribio ulitoa makadirio tofauti, 0.37 badala ya 0.55, na mipaka iliyo mipana zaidi: katika mizani ya logi, upana wake ni takriban mara nne ya ule wa hesabu ya haraka.

Wanaisimu hawana sababu ya kudhani kwamba tatizo hili ni la watu wa afya pekee. Mwanafunzi wa fonetiki anayepima urefu wa irabu katika Kihaya anaweza kuwarekodi wazungumzaji 6, kila mmoja akitamka maneno 50 mara 4. Anapata vipimo 1,200, na programu itaandika juu ya grafu kwamba idadi ni 1,200. Lakini kama swali lake ni juu ya wazungumzaji wa eneo fulani, mashahidi wake ni 6. Hurlbert, akiandika juu ya ikolojia mwaka 1984, aliipa kasoro hii jina linalotumika hadi leo: urudufu bandia. Msemaji ni kundi kama vile makazi ya Muleba yalivyo kundi.

3.3 Nukta, koma na nyota

Katika Tanzania, Kenya na Uganda desimali hutenganishwa kwa nukta na maelfu kwa koma. Katika mashariki ya Kongo, ambako shule zilifuata desturi ya Kifaransa, koma ndiyo alama ya desimali. Kompyuta hufuata mpangilio wa lugha na nchi uliowekwa ndani yake. Hivyo kiolezo kimoja kinaweza kuchapisha 0.37 Bukoba na 0,37 Goma. Hatari kubwa zaidi iko kwenye maelfu: watoto 1,852 wa Muleba wanaweza kusomwa kama moja nukta nane tano mbili. Kiolezo kitaje waziwazi alama zake bila kutegemea mpangilio wa mashine.

Alama ya nyota nayo ina utata kwa wasomaji wa isimu. Katika grafu nyingi nyota moja humaanisha p < 0.05, mbili p < 0.01. Katika isimu nyota hutangulia umbo lisilokubalika kisarufi au umbo la lugha-mame lililoundwa upya. Grafu ya maumbo ya Kirutara yenye nyota za aina zote mbili itampotosha msomaji. Ni bora thamani iandikwe yenyewe.

4.0 Tabaka la upatanisho

Kiolezo cha kawaida huwa na nafasi moja ya idadi na sentensi isiyobadilika. Kwa Kiswahili haitoshi, kama inavyodhihirika katika mifano ifuatayo ya kubuni:

(1) a. Watoto 12 kati ya 40 walikutwa na vimelea.
    b. *Watoto 1 kati ya 40 walikutwa na vimelea.
    c. Mtoto 1 kati ya 40 alikutwa na vimelea.
    d. ?Watoto 0 kati ya 40 walikutwa na vimelea.
    e. Kati ya watoto 40, hakuna aliyekutwa na vimelea.

Idadi inapokuwa 1, kinachobadilika si nomino pekee bali pia kiambishi cha nafsi katika kitenzi. Inapokuwa sifuri, umbo zima la sentensi hubadilika. Mfumo wa gettext, unaotumiwa na programu nyingi kutafsiri ujumbe, unaipa Kiswahili maumbo mawili tu: moja kwa idadi 1 na jingine kwa idadi nyingine zote, sifuri ikiwamo. Kwa hiyo mfumo huo ukiachwa peke yake hutoa (1d). Mtunzi wa kiolezo hana budi kuongeza sharti la tatu.

Baadhi ya ngeli huficha tatizo katika nomino na kulifichua katika kitenzi. Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera ulianza kwa kuzihoji kaya 915 katika maeneo 51 kati ya mwaka 1991 na 1994. Watu wa kaya hizo walipofuatwa tena mwaka 2004, walipatikana katika kaya zaidi ya 2,700, kwa kuwa watoto walikua, wakaoa, wakaolewa na kuhama. Neno kaya halibadiliki, bali kitenzi hubadilika:

(2) a. Kaya 1 ilihojiwa.
    b. Kaya 915 zilihojiwa.

Mtu anayetafsiri kiolezo kwa kuangalia nomino peke yake hataona haja ya maumbo mawili, na programu itamwandikia *Kaya 1 zilihojiwa.

Suala la tatu ni la usomaji kwa sauti, nalo si dogo mahali ambapo matokeo husomwa mkutanoni. Tarakimu zilizoandikwa 531 na 1,852 hazionyeshi upatanisho, lakini msomaji lazima autie: watoto mia tano thelathini na mmoja, watoto elfu moja mia nane hamsini na wawili. Kwa upande mwingine 1,809 husomwa elfu moja mia nane na tisa, bila kiambishi, kwa sababu tisa, kama sita, saba na kumi, haipokei upatanisho. Makundi 48 ni arobaini na manane. Kiolezo kinachoandika idadi kwa maneno kinahitaji kujua ngeli ya nomino na tarakimu ya mwisho. Kinachoandika kwa tarakimu humwachia msomaji kazi hiyo, naye huifanya bila taabu. Kwa sababu hiyo tarakimu ndiyo njia salama.

Matatizo ya tabaka hili yote yanatatulika kwa kanuni. Ngeli zinajulikana, viambishi vinajulikana, na programu inaweza kufundishwa. Hali haiko hivyo katika tabaka linalofuata.

5.0 Tabaka la hukumu

5.1 Hakuna, haikuthibitika, haijathibitika

Violezo vingi huwa na sharti kwamba p ikiwa chini ya 0.05 iandikwe sentensi moja, na ikiwa juu yake iandikwe nyingine. Kikomo cha 0.05 kilienezwa na kitabu cha R. A. Fisher cha mwaka 1925, na kimebaki kuwa mazoea tu. Kwa Kiswahili, sentensi ya pili inaweza kuundwa kwa namna tatu:

(3) a. Hakuna tofauti kati ya makundi.
    b. Tofauti kati ya makundi haikuthibitika.
    c. Tofauti kati ya makundi haijathibitika.

Sentensi (3a) inakana kuwapo kwa tofauti. Hilo ni dai ambalo thamani-p kubwa haiwezi kulibeba: utafiti wenye watu wachache unaweza kukosa kuona tofauti iliyopo. Sentensi (3b) hutumia kauli ya kutendeka. Inasema kwamba katika utafiti huu, kwa data hizi, uthibitisho haukupatikana. Hicho ndicho jaribio linachosema. Sentensi (3c) inaongeza kitu kingine. Kiambishi -ja- hudokeza kwamba jambo linatarajiwa, hata kama bado. Msomaji akisoma haijathibitika huelewa kwamba itathibitika. Kwa hiyo badiliko la silabi moja linatosha kugeuza taarifa kuwa matumaini ya mtafiti.

5.2 Wakati na mazoea

(4) a. Vyandarua vya PBO vilipunguza maambukizi.
    b. Vyandarua vya PBO vinapunguza maambukizi.
    c. Vyandarua vya PBO hupunguza maambukizi.

Sentensi (4a) inaripoti kilichotokea. Sentensi (4c), kwa kiambishi hu-, inatangaza kanuni ya siku zote na mahali pote. Grafu moja haina uwezo wa kutangaza kanuni. Hata ndani ya Muleba hali ilisogea: baada ya miezi 21 maambukizi yalikuwa asilimia 45 katika makundi ya PBO (watoto 865 kati ya 1,930) na asilimia 62 katika makundi ya kawaida (1,255 kati ya 2,034), uwiano wa odi ukiwa 0.40, mipaka 0.20 na 0.81, p = 0.0122. Faida ilidumu, lakini kiwango cha maambukizi kilipanda katika pande zote mbili.

Kiambishi -li- peke yake hakitaji ni lini. Kwa msomaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kihaya, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Kihaya hutofautisha njeo tatu za wakati uliopita: ya leo, ya jana, na ya kabla ya jana. Kwa kuwa Kiswahili hakimpi tofauti hiyo ndani ya kitenzi, kiolezo kimpe kwa maneno: miezi 9 baada ya vyandarua kugawiwa; miezi 21 baada ya vyandarua kugawiwa.

5.3 Kupungua na kupunguza

(5) a. Maambukizi yalikuwa machache zaidi katika makundi ya PBO.
    b. Vyandarua vya PBO vilipunguza maambukizi.

Kitenzi punguza kimetokana na pungua kwa kunyambuliwa katika kauli ya kutendesha, nacho hutaja kisababishi. Katika jaribio la Muleba dai hilo lina msingi, kwa sababu makundi yaligawanywa kwa nasibu. Sivyo ilivyo katika utafiti wa kaya wa Kagera, ambako hakuna aliyemgawia mtu kwa nasibu kuhama au kubaki. Beegle, De Weerdt na Dercon, katika makala yao ya mwaka 2011, walikadiria kwamba kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia katika ukuaji wa matumizi kati ya mwaka 1991 na 2004. Ili kufikia kitenzi hicho cha kutendesha walilinganisha watu waliotoka katika kaya moja ya awali, ili tofauti za malezi na mali ya familia zisichanganywe na athari ya kuhama. Aliyelinganisha tu wahamaji wote na waliobaki wote angestahili kusema kwamba matumizi ya wahamaji yaliongezeka zaidi, na si kwamba kuhama kuliyaongeza.

Programu huiona safu moja ya namba na safu nyingine ya majina ya makundi. Haioni kama makundi hayo yalipigiwa kura au yalijichagua. Kwa hiyo programu haiwezi kuchagua kati ya ongezeka na ongeza.

5.4 Neno muhimu

Mara nyingi huandikwa kwamba tofauti ni muhimu, kwa maana kwamba p iko chini ya 0.05. Katika Kiswahili cha kila siku, jambo muhimu ni jambo lenye uzito katika maisha. Tofauti ndogo isiyo na manufaa kwa mtu yeyote inaweza kupata p ndogo sana iwapo waliopimwa ni wengi. Chama cha Takwimu cha Marekani kilitahadharisha mwaka 2016 kwamba thamani-p haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo. Kuongeza maneno ya kitakwimu baada ya muhimu husaidia msomi, si msomaji wa kawaida. Njia nyoofu ni kuliacha neno hilo na kuandika makadirio pamoja na mipaka yake, ili umuhimu upimwe na anayehusika.

6.0 Sentensi za kweli zinazopotosha

Linabaki suala la sentensi zaidi ya moja. Katika Muleba, upuliziaji nao ulikuwa na matokeo yake: baada ya miezi 9, watoto 508 kati ya 1,846 (asilimia 28) walikutwa na vimelea katika makundi yaliyopuliziwa, na 790 kati ya 1,815 (asilimia 44) katika yasiyopuliziwa, uwiano wa odi 0.33, mipaka 0.19 na 0.55, p < 0.0001. Kiolezo kinachoandika mstari mmoja kwa kila ulinganisho kitatoa mistari miwili, yote ya kweli. Msomaji atahitimisha kwamba kaya ikipata chandarua cha PBO na kupuliziwa pia, itafaidika maradufu.

Ni mstari wa tatu unaozuia hitimisho hilo. Uwiano wa mwingiliano ulikuwa 2.43, mipaka 1.19 na 4.97, p = 0.0158. Uwiano huo ukiwa juu ya 1, maana yake ni kwamba afua mbili zikiunganishwa hazikuleta punguzo ambalo lingetarajiwa kwa kuzidisha athari ya kila moja. Watafiti walihitimisha kwamba hapakuwa na faida ya ziada katika kuzitumia zote mbili pamoja. Kwa wilaya yenye bajeti finyu, habari kubwa iko katika mstari huo wa tatu, na ndio ambao kiolezo cha ulinganisho wa mbili-mbili hakiuandiki. Ushahidi wa Muleba ulikuwa sehemu ya msingi wa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017 kuhusu vyandarua vya PBO.

7.0 Kiolezo kinachopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, kiolezo cha Kiswahili kigawanywe katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ijazwe na programu: idadi, asilimia, makadirio, mipaka, thamani-p na jina la jaribio, pamoja na upatanisho wenye masharti matatu ya sifuri, moja na zaidi ya moja. Sehemu ya pili iandikwe na mtafiti mara moja kabla ya kuona matokeo, nayo itaje kipimo cha uchunguzi, wakati, na kitenzi kinachoruhusiwa na mpango wa utafiti. Kwa grafu ya Muleba, kidirisha cha miezi 9 kingesomeka hivi:

(6) Miezi 9 baada ya vyandarua kugawiwa: watoto 531 kati ya 1,852 (29%) wa makundi ya PBO walikutwa na vimelea, na 767 kati ya 1,809 (42%) wa makundi ya kawaida. Uwiano wa odi 0.37 (mipaka ya 95%: 0.21 hadi 0.65), p = 0.0011. Yaliyogawanywa kwa nasibu ni makundi 48. Tazama pia mwingiliano na upuliziaji.

Katika (6) hakuna neno muhimu, hakuna hakuna, wala hu- ya mazoea. Kila tarakimu inaweza kubadilika data zikisahihishwa, na sentensi itabaki ya kweli. Iwapo nafasi kwenye grafu ni finyu, mstari wa makadirio ubaki juu ya grafu na mengine yateremshwe chini yake; lakini kipimo cha uchunguzi kisiachwe.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maandishi badilifu huondoa kosa moja, la maandishi kutofautiana na grafu, lakini hayaondoi kosa la grafu na maandishi kukubaliana juu ya jambo lisilo sahihi. Mfano wa kai mraba ya 75.4 unatosha kuwa onyo. Imeonyeshwa pia kwamba mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili, kwa njeo, ukanushi na kauli zake, hubeba madai ambayo katika takwimu yana masharti makali. Hilo si udhaifu wa lugha. Kiswahili humlazimisha mwandishi kuchagua kati ya hakuna na haikuthibitika, kati ya pungua na punguza, mahali ambapo ishara ya nyota ingemruhusu kunyamaza. Kazi iliyobaki kwa wanaistilahi na walimu wa takwimu ni kukubaliana juu ya istilahi chache zilizotumika hapa, kama vile odi, mipaka ya uhakika na mwingiliano, ili violezo vya vyuo mbalimbali visomeke kwa namna moja, kuanzia ukumbi wa semina hadi ukuta wa zahanati.